Kamera Kongwe ya Kioo kwa Mtafiti Chipukizi: Namna ya Kuiteua

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda nyanjani kukusanya data hubeba, kwa kawaida, vyombo vitatu: daftari, kinasasauti na chombo cha kupigia picha. Viwili vya kwanza hufundishwa katika kozi za mbinu za utafiti. Cha tatu huachwa kijitafutie njia. Natija yake huonekana katika viambatisho vya tasnifu: mghani aliyegeuka kivuli mbele ya dirisha, mchezaji ngoma ambaye mikono yake imekuwa moshi, na mbaya zaidi, ukurasa wa mswada ulioandikwa kwa hati za Kiarabu ambao nukta zake hazionekani. Anayezijua hati hizo anaelewa uzito wa kasoro hii. Umbo la herufi ni lile lile. Nukta moja chini ni be, mbili juu ni te. Nukta zikipotea, neno limepotea, na pengine mzee mwenye mswada hatapatikana tena.

Makala haya yanaazimia kumfafanulia msomaji asiye na tajriba ya upigaji picha wa dijitali namna ya kuteua kamera kongwe ya daraja la wanaoanza, yaani kamera ambayo ilipotoka kiwandani ilikusudiwa wanagenzi, na ambayo sasa imekwisha kupitiwa na miaka na bei yake kuporomoka. Msisitizo umewekwa kwa mtafiti ambaye fedha zake ni za mkopo wa masomo, na ambaye akikosea katika ununuzi hana fungu la pili la kurekebishia.

Istilahi

Kamera inayojadiliwa hapa huitwa na wauzaji DSLR, ufupisho wa Kiingereza unaobeba sifa tatu: dijitali, lenzi moja na kioo kinachoakisi. Katika makala haya tutaiita kamera ya kioo. Nuru hupita katika lenzi, hugonga kioo kilichoinama kwa nyuzi 45, hupelekwa juu na hatimaye kulifikia jicho la mpiga picha kupitia kidirisha kilicho nyuma. Anapobonyeza kitufe, kioo huinuka, kilango kiitwacho shata hufunguka kwa muda mfupi mno, na nuru hukiangukia kihisi, ambacho ndicho kilichochukua nafasi ya filamu.

Jina hili lina faida ya kutupatia jozi, kwa kuwa kamera za kisasa zilizokiondoa kioo hicho zinaweza kuitwa kamera zisizo na kioo bila kutafuta istilahi nyingine. Kasoro yake ni kwamba kioo kina maana nyingi. Fundi wa simu jijini Nairobi akisikia kioo atadhani unazungumzia skrini. Kwa hiyo tutumie kamera ya kioo katika maandishi, na dukani tutaje herufi zile nne tusije tukauziwa skrini ya simu.

Tutatumia pia istilahi tundu kwa uwazi ulio ndani ya lenzi unaoongezwa au kupunguzwa ili kudhibiti nuru. Ukubwa wa tundu huandikwa kwa tarakimu zinazofuata herufi f, na tarakimu hizo huenda kinyume na matarajio: f/1.8 ni tundu pana, f/16 ni tundu jembamba. ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuitikia nuru. Kikipandishwa, picha hupatikana katika giza lakini huingiwa na chembechembe.

Kwa nini kamera hizi ni rahisi leo

Mnamo mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak alitengeneza kamera ya dijitali iliyokuwa na pikseli 10,000 tu, na iliyochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja katika ukanda wa kaseti. Ilichukua karibu robo karne kabla ya teknolojia hiyo kufikia umbo la kamera ya kioo ambayo mwandishi wa habari angeweza kuitegemea. Nikon D1 ya mwaka 1999 ilikuwa na megapikseli 2.7 na iliuzwa kwa takriban dola 5,000 za Marekani. Mageuzi yaliyomhusu mtu wa kawaida yalikuja Agosti 2003, Canon ilipotoa EOS 300D kwa dola 899 bila lenzi, kamera ya kwanza ya aina hii kushuka chini ya dola 1,000. Nikon ilijibu kwa D70 mwaka 2004, kisha D50, na mwaka 2006 ikatoa D40 ndogo na nyepesi. Kuanzia hapo kila mwaka mmoja au miwili toleo jipya lilitoka, na la jana likahamia rafu ya nyuma.

Tukio la pili lilikuwa mwaka 2018. Canon na Nikon zote mbili zilizindua mwaka huo mifumo mipya ya kamera zisizo na kioo kwa wataalamu, EOS R na Nikon Z. Wapiga picha wa kulipwa wakaanza kuhama, vyombo vyao vya zamani vikamiminika sokoni, na kamera za wanagenzi zikafuata mkondo uo huo. D3500, iliyotoka mwaka 2018, ndiyo iliyokuwa ya mwisho katika ukoo wake. Ndiyo maana leo katika maduka ya Barabara ya Luthuli, na mikononi mwa wapiga picha wa arusi waliobadilisha vyombo, kamera iliyokuwa ndoto ya mwanafunzi wa mwaka 2010 hupatikana kwa bei isiyozidi ile ya simu ya kadiri.

Muhimu ni kutambua kwamba kamera haikuwa mbovu kwa sababu nyingine imetoka. Kanuni za nuru hazijabadilika. Picha iliyopigwa na EOS 1100D mwaka 2011 ingepigwa vile vile leo.

Je, simu haitoshi?

Swali hili ni halali na halistahili kupuuzwa. Kwa picha ya kumbukumbu ya mchana, ya kijiji, ya mhojiwa aliyeketi nje ya nyumba yake, simu nzuri inatosha kabisa, na anayemiliki simu kama hiyo asishawishike kununua kamera ili aonekane mtafiti. Kamera humfaa zaidi yule ambaye kazi yake inahusu mambo matatu: matendo ya usiku au ya ndani ya nyumba, miswada na vifaa vidogo vidogo, na picha zitakazochapishwa kwa ukubwa.

Tofauti iko katika eneo la kihisi. Kihisi cha EOS 1100D kina milimita 22 kwa 14.7, yaani zaidi ya milimita za mraba 320. Vihisi vya simu nyingi za bei ya kadiri havifiki milimita za mraba 40. Simu huziba pengo hilo kwa ujanja wa programu: hupiga picha kadhaa kwa mfululizo, huziunganisha, hulainisha chembechembe na kunoa kingo. Kwa uso wa rafiki jambo hili hupendeza. Kwa mswada ni hatari, kwa kuwa programu haijui kama kidoa kilicho juu ya herufi ni nukta ya mwandishi au ni uchafu wa karatasi. Inaweza kukifuta au kukikoleza. Kamera ya kioo huweza kuhifadhi faili ghafi, ambayo ni kumbukumbu ya nuru iliyokifikia kihisi kabla ya programu kuamua lipi lionekane na lipi lisionekane. Mhakiki wa matini anafahamu thamani ya nakala isiyohaririwa.

Lenzi kabla ya kiwiliwili

Mnunuzi mchanga huuliza kwanza idadi ya megapikseli. Mwandishi wa makala haya anashikilia kwamba swali la kwanza liwe juu ya lenzi, la pili juu ya kiwiliwili kitakachoipokea, na la megapikseli lije baadaye sana.

Kamera nyingi za daraja hili huuzwa pamoja na lenzi ya kuvuta ya milimita 18 hadi 55. Ni lenzi yenye manufaa mchana. Tatizo lake ni tundu: inapovutwa hadi milimita 55, tundu lake pana kabisa ni f/5.6. Sasa tuilinganishe na lenzi isiyovuta ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo kwa Canon na Nikon ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kuliko zote. Kiasi cha nuru hufuata mraba wa uwiano wa tarakimu hizo. Tukigawa 5.6 kwa 1.8 tunapata takriban 3.1, na mraba wake ni karibu 9.7. Lenzi ndogo isiyovuta huingiza nuru mara tisa hadi kumi zaidi.

Tuseme tumo katika ukumbi wa taarabu na lenzi ya kuvuta inadai shata ikae wazi kwa sehemu 1 ya 10 ya sekunde. Katika muda huo mkono wa mpiga fidla utakuwa umekwenda na kurudi. Kwa lenzi ya f/1.8, katika ukumbi ule ule na ISO ile ile, shata inaweza kufungwa baada ya takriban sehemu 1 ya 100, na vidole vikaonekana. Hakuna megapikseli zinazoweza kununua tofauti hiyo. Zipo lenzi za kuvuta zenye mtambo wa kutuliza mtikisiko, kama ile ya Canon iliyotoka mwaka 2007, na ni bora kuliko zisizo nao. Hata hivyo, mtambo huo hutuliza mkono wa mpiga picha; haumtulizi mchezaji ngoma.

Kuna jambo la urefu wa fokasi ambalo huwashangaza wengi. Kwa sababu kihisi cha kamera hizi ni kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, lenzi ya milimita 50 hutoa mwono mfinyu unaolingana na wa lenzi ya milimita 80 kwa Canon au 75 kwa Nikon. Katika sebule ndogo mpiga picha atarudi nyuma hadi agote ukutani, na bado kichwa cha mhojiwa kitajaza fremu. Kwa mahojiano ya ndani, mwenye Nikon ataridhika zaidi na lenzi ya milimita 35 ya f/1.8 iliyotoka mwaka 2009, na mwenye Canon na ile nyembamba ya milimita 24 ya f/2.8 ya mwaka 2014, ijapokuwa hii ya pili haipokei nuru nyingi kama ya kwanza.

Mtego mkubwa kuliko yote uko katika ulenganaji wa lenzi na kiwiliwili. Mdomo wa kamera za Nikon haujabadilishwa umbo lake la msingi tangu mwaka 1959, na wauzaji hupenda kuitaja sifa hiyo. Wanachosahau kusema ni kwamba kuanzia D40, Nikon iliondoa mota ya kulengea katika viwiliwili vya daraja la chini. D40, D60, D3000, D3100, D3200 na nduguze zote hutegemea mota iliyomo ndani ya lenzi yenyewe. Lenzi ya Nikon ya milimita 50 iliyoandikwa f/1.8D itaingia vizuri katika D3100, itabana, itatoa picha, lakini haitalenga yenyewe. Utazungusha pete kwa mkono huku bibi anayekusimulia ngano akigeuza kichwa huku na huku. Tafuta lenzi iliyoandikwa AF-S. Nazo lenzi mpya zaidi zilizoandikwa AF-P hazifanyi kazi ipasavyo katika viwiliwili vya zamani kama D3100. Kwa upande wa Canon shida hii haipo, kwa kuwa tangu mfumo wa EF uanze mwaka 1987 mota imekuwa ndani ya kila lenzi inayolenga yenyewe. Kwa anayenunua kwa mara ya kwanza na asiye na mshauri karibu, sababu hii peke yake inatosha kuipa Canon kura.

Isitoshe, lenzi ndiyo mali itakayodumu. Lenzi za EF na EF-S hufanya kazi katika kamera za Canon zisizo na kioo kwa kutumia kiunganishi, na zile za AF-S vivyo hivyo katika Nikon Z. Kiwiliwili kitachakaa na kutupwa. Lenzi itahamia katika kiwiliwili kingine.

Hesabu ya mswada

Baada ya kuzipunguzia megapikseli hadhi, ni haki kueleza zinapohitajika. Ukurasa wa kipimo cha A4 una upana wa milimita 210. Ukipigwa picha ukaijaza fremu, upande mfupi wa picha ndio unaoamua ni pikseli ngapi zitaangukia kila milimita ya karatasi. Picha ya D40 ina pikseli 3008 kwa 2000. Tukigawa 2000 kwa 210 tunapata takriban pikseli 9.5 kwa milimita, sawa na nukta 242 kwa inchi. Kiwango kinachozoeleka cha uchapishaji mzuri ni 300. Kwa hiyo D40 itakupa mswada unaosomeka, lakini si nakala ya kuhifadhiwa na kuchapishwa kwa ukubwa wake halisi.

EOS 1100D yenye pikseli 4272 kwa 2848 inatoa takriban 344 kwa inchi. EOS 1200D, yenye upande mfupi wa pikseli 3456, inafikia 418. D3200 yenye 4000 inapita 480. Kutoka D40 hadi 1100D tofauti ina maana: kiwango kimevukwa. Kutoka 1200D hadi D3200 tofauti ipo katika hesabu kuliko katika usomaji, na kulenga kwa uangalifu kutaleta manufaa makubwa kuliko pikseli hizo za ziada. Izingatiwe pia kwamba ukipiga kurasa mbili zilizofunguliwa kwa pamoja, takwimu zote hizi hushuka kwa karibu theluthi moja. Piga ukurasa mmoja mmoja.

Tusisahau kwamba kazi ya namna hii imekwisha kufanywa pwani yetu kwa kiwango cha kitaalamu. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilinakiliwa kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Mwanafunzi mwenye kamera kongwe hashindani na mradi kama huo. Anaweza hata hivyo kufika kwenye sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha mjane wa mtunzi, mahali ambapo mradi haujafika.

Kamera zenyewe

Kamera za miaka ya 2003 hadi 2006, yaani 300D, 350D na 400D za Canon na D70 ya Nikon, tunashauri ziachwe hata zikitolewa kwa bei ya kutupwa. Hazina ubovu wa picha, lakini hutumia kadi pana za aina ya CompactFlash ambazo zinazidi kuadimika, na ndani ya tundu la kadi mna sindano nyembamba zinazopinda kadi ikiingizwa vibaya. D40 hutumia kadi za SD na ni kamera ya kupendeza mkononi. Ikipatikana bure, ipokewe.

Kwa mtafiti, mpaka wa maana ni uwezo wa kuona picha hai kwenye skrini ya nyuma kabla ya kuipiga. Canon iliuleta katika daraja hili kwa 450D na 1000D za mwaka 2008, na kwa upande wa Nikon D3100 ya mwaka 2010 inao pia. Uwezo huu hurahisisha kunakili miswada: kamera ikiwa juu ya stendi ikitazama chini, unakuza sehemu moja ya ukurasa kwenye skrini na kuzungusha pete ya lenzi hadi nukta zikae wima, bila kukunja shingo.

Kigezo cha video kinahitaji tahadhari. 450D na 1000D hazirekodi video. 1100D hurekodi kwa kiwango cha kadiri, 1200D na D3100 kwa kiwango cha juu zaidi, lakini zote tatu hazina mahali pa kuchomeka maikrofoni ya nje, D3200 inapo. Kwa fasihi simulizi, ambapo sauti ndiyo data yenyewe, usiitegemee maikrofoni ya kamera hata siku moja. Kinasasauti kiwe karibu na mdomo wa msimulizi, kamera ishughulike na ishara na uso.

Kwa jumla ya hoja hizo, chaguo la mwandishi ni EOS 1200D ya mwaka 2014, au 1300D ya mwaka 2016 ambayo ni dada yake mwenye uwezo wa kutuma picha kwa simu bila waya. Mfuko usipofika hapo, 1100D. Anayeipata D3200 pamoja na lenzi ya AF-S ya milimita 35 kwa mkupuo mmoja asisite. Pentax na Sony pia zilitoa kamera nzuri za kioo, na baadhi ya Pentax hubeba mtambo wa kutuliza mtikisiko ndani ya kiwiliwili, lakini lenzi, betri na mafundi wake ni wa kutafuta kwa tochi.

Ukaguzi mbele ya muuzaji

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nenda na kadi yako ya SD, tochi ndogo na, ikiwezekana, kompyuta ya mkononi. Nenda mchana.

Anza na lenzi. Iondoe kwenye kamera, ielekeze tochi upande mmoja na utazame upande wa pili. Chembe chache za vumbi si hoja. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui au kama mizizi, zilizotambaa juu ya vioo vya ndani. Hiyo ni kuvu, na kamera zilizoishi Mombasa, Malindi au Lamu huwa katika hatari kubwa kwa sababu ya unyevu. Lenzi yenye kuvu usiinunue na usiiweke katika mkoba mmoja na nzima. Kisha zungusha pete zote mbili: zisikwaruze kama zenye mchanga.

Rudisha lenzi, piga picha ya anga au ukuta mweupe kwa tundu la f/16, uikuze kwenye skrini. Madoa ya kijivu ni vumbi juu ya kihisi. Fundi anaweza kulisafisha, na unaweza kulitumia kuombea punguzo. Mikwaruzo haisafishiki. Halafu funika lenzi kwa kifuniko chake na upige picha ya giza ya sekunde kadhaa. Nukta nyekundu au nyeupe zikiwa nyingi, kihisi kimechoka. Piga picha ishirini mfululizo na usikilize. Mlio wa shata uwe mmoja, usiotofautiana.

Shata ina umri wake. Nikon ilieleza kwamba shata za D3100 na D3200 zilijaribiwa kwa mipigo 100,000. Nyingine za daraja hili huenda zikafa kabla au baada. Katika Nikon, idadi ya mipigo huandikwa ndani ya kila picha, na programu ya bure katika kompyuta itakusomea. Katika Canon nyingi za daraja hili haiandikwi, hivyo soma dalili: mpira wa mshikio uliolainika na kung'aa, herufi za vitufe zilizofutika, ukingo wa chuma uliochubuka. Kamera ya mpiga picha wa arusi inaweza kuwa na sura ya jana na shata ya mzee.

Betri itolewe na kutazamwa; iliyovimba ni ya kutupwa. Uliza chaja halisi iko wapi. 1100D, 1200D na 1300D hutumia betri ya aina moja, LP-E10, na D3100 hadi D3500 hutumia za ukoo wa EN-EL14, jambo linalorahisisha kupata ya pili. Hatimaye dai risiti yenye namba ya kamera iliyo chini ya kiwiliwili, na uhakikishe kwamba ndiyo iliyoandikwa. Muuzaji anayekataa kuandika namba hiyo anakueleza jambo kuhusu kamera yake.

Baada ya kununua

Jambo la kwanza ni kuiweka saa ya kamera. Kila picha hubeba tarehe na saa ya kupigwa kwake, na saa hiyo ikilingana na ya kinasasauti, utaweza miezi sita baadaye kuitambua picha iliyopigwa wakati mghani alipofika ubeti fulani. Saa iliyoachwa inaonyesha Januari mosi ya mwaka wa kiwandani inakunyima kiungo hicho.

La pili ni kuagiza kamera ihifadhi faili ghafi pamoja na JPEG. Hula nafasi ya kadi, lakini kadi ni rahisi kuliko safari ya pili ya Pate.

Mswada upigwe picha kando ya dirisha pasipo jua la moja kwa moja, au kati ya taa mbili zilizoinama kwa nyuzi 45 kila upande. Flashi izimwe. Tundu liwe f/8, ISO iwe 100, kamera iwe juu ya stendi, na shata ifyatuliwe kwa kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisiitikise. Rula iwekwe kando ya ukurasa, isiuguse wino. Kwa watu na matendo ya usiku, fungua tundu hadi mwisho, pandisha ISO hadi 1600, na uilinde shata isizidi sehemu 1 ya 80 ya sekunde kwa lenzi ya milimita 50. Picha yenye chembechembe hutumika, iliyotikisika haitumiki.

Ridhaa ya mhojiwa iombwe upya kwa ajili ya picha hata kama ameridhia kurekodiwa sauti. Wapo wanaokubali sauti yao isikike lakini wasitake sura yao ionekane, na wapo wenye miswada wanaoruhusu isomwe lakini si inakiliwe. Kamera nyeusi yenye mlio wa kioo huogofya kuliko simu, hivyo iachwe ndani ya mkoba wakati wa mazungumzo ya kwanza.

Mwisho ni unyevu. Anayeishi pwani aihifadhi kamera na lenzi katika kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya chembe za kufyonza maji, vile vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu vipya. Vikusanywe, vibadilishwe kila baada ya majuma machache. Mkoba wa ngozi uliofungwa na kuwekwa kabatini ndimo kuvu hupenda kuota. Betri itolewe ikiwa kamera haitatumika kwa mwezi mzima, na lenzi itolewe nje ipigwe na mwangaza wa mchana mara kwa mara, mbali na jua kali.